Kiwiko Ukutani

Limenikatikia mkononi, saa kumi na moja alfajiri ya Jumatatu,
povu la sabuni bado masikioni:
bomba la mvua, na shingo yake, na nusu ya nipo.
Nusu nyingine imebaki ndani ya ukuta,
imeng'ang'ania kiwiko kama kupe.

Maji yakanitandika kifuani.
Nikakimbilia koki ya nje, kanga imelowa, mguu peku,
mbuzi wa jirani wananitazama kutoka juu ya jiwe
kama mahakimu.

Huku Igogo maji hupanda mlima kwa zamu.
Ziwa lote lile liko chini, tunaliona mpaka Saanane,
limenenepa, limelala,
nasi huku juu tunahesabu ndoo.
Ukiyamwaga Jumatatu, utaoga kwa kikombe mpaka Alhamisi.

Fundi Maduhu akaja na nyundo. Nyundo tu.
Akagonga vigae, ko, ko, akategea sikio kama daktari,
akasema: "Hapa tunavunja, dada. Kuanzia hapa mpaka hapa."
Mkono wake ukapita juu ya vigae kumi na vinne.
Laki na themanini, saruji juu yangu.

Nikamwambia nitafikiri.
Sikumwambia kwamba kigae cha tatu kutoka juu
kina samaki aliyepinduka, tumbo angani,
kwamba baba alikibandika usiku, chemli mkononi mwangu,
nami nilikiona kimegeuka nikanyamaza,
maana nilikuwa na miaka tisa, na usingizi.
Tangu hapo naoga chini ya samaki aliyekufa kwa kosa langu.

Nyangeta wa duka la vifaa, Kirumba,
anayepima inchi kwa kidole gumba,
akakigeuza kipande changu, akakinusa.
"Kutu ya zamani hii. Nani kakwambia uvunje ukuta?
Chukua kipande cha msumeno wa chuma, kifunge kitambaa kiwe mpini.
Kata kwa ndani, mara mbili, karibukaribu,
kama unachanja papai.
Ukikaribia meno ya kiwiko, acha.
Utajua. Sauti inabadilika."
Akanipa tepi nyeupe na nipo ya shaba.
Hakunipunguzia hata mia.

Nikakata. Dakika arobaini, shavu ukutani,
unga mwekundu unaniingia mdomoni.
Chuma kililia sauti nyembamba, nyembamba,
kisha kikakwaruza kwa besi. Nikaacha.
Tindo, pigo moja dogo,
la kumwamsha mtoto bila kumshtua.
Kikajikunja. Kikatoka.

Kikatoka na pamba.

Imekizunguka chote, nyeusi kwa rangi ya mafuta,
ila katikati, nilipoifumua kwa ukucha, nyeupe.
Mzee Budeba alifanya kazi kinuni,
alirudi jioni na pamba kwenye nyusi,
mama akimkung'uta mlangoni kama mkeka.
Tepi ilikuwa ya kununua. Pamba ilikuwa mfukoni.
Miaka ishirini na sita
imezuia maji kwa kile kilichobaki nguoni.

Sikulia. Yalikuwa macho, na ile kutu.

Tepi nikaizungusha mara kumi na mbili, mshale wa saa unavyokwenda.
Nikakaza kwa spana mpaka ikagoma,
nikaongeza robo, kwa ubishi.
Halafu kungoja, kwa sababu ilikuwa Jumanne
na mabomba ya mtaa mzima yalikuwa matupu kama filimbi.

Alhamisi, saa tisa usiku, ukuta ukakohoa.
Nikaingia bafuni na tochi ya simu.
Ikatangulia hewa, ikatema uchafu,
yakafuata maji, ya baridi, yana harufu ya chini ya ziwa.
Nikapitisha kidole chini ya kiwiko.
Kavu.
Nikapitisha tena.
Tone moja likajikusanya, taratibu,
likaning'inia, limejaa tumbo, linafikiri.
Nikammulika samaki wangu, nikarudisha tochi.
Bado linaning'inia.

Nikaliwekea kikombe,
nikaenda kulala.