Ulisema Nilikufa Vibaya

Saa sita usiku bando linashuka bei,
ndipo kazi yangu inapoamka.
Nkuhungu wamelala. Naegemeza simu kwenye kopo la majani ya chai,
hedifoni sikio moja; la pili nimeliachia bomba,
maana maji ya mgao hayapigi hodi.

Leo ni zimwi la nchi ya theluji.
Msichana anashuka ngazi na tochi isiyotosha.
Najua atakayekufa kwanza: yule aliyecheka kwanza.
Naandika: *Hofu imepangwa kama viti vya harusi.*
Nafuta. Naandika tena.
Bomba linakohoa jikoni
na hapo ndipo napiga yowe.
Nalisimamisha zimwi, mdomo wazi, damu kidevuni,
najaza ndoo nne na dumu la njano,
narudi. Lingali linanisubiri, kwa adabu.

Mhariri yuko Dar, namjua kwa sauti tu.
"Maneno mia nne, Mbeleje, na usitoboe mwisho."
Elfu ishirini na tano kwa filamu,
kumi na tano kwa mchezo wa jukwaani,
na hulipa mwezi ukishazeeka.
Mama mwenye nyumba aliniuliza niko wizara gani;
mji huu kila mtu ana wizara.
Nikamwambia natazama maigizo, kisha nayaandika.
Akacheka sana. "Haya. Na kazi?"

Mwezi wa saba nilikwenda Makole, ukumbi wa bati.
Upepo ukipita juu, hata hakimu jukwaani
hungoja upite ndipo ahukumu.
Watazamaji thelathini na mmoja, nilihesabu,
wanne wakiwa watoto wa mlinzi.
Ndugu wawili, shamba moja la zabibu, panga.
Niliusifu mwanga. Niliisifu ngoma.
Kisha sentensi moja, nikiwa na njaa na haraka:
*Chilongani, kaka mkubwa, alikufa vibaya;
alianguka kama mtu anayeogopa kuchafua shati.*
Niliipenda sentensi ile. Niliisoma mara mbili kwa sauti.

Jumanne, soko la Majengo, naulizia vitunguu.
Mwenye mizani ananitazama muda mrefu.
"Wewe ndiye Mbeleje."
Akaisema sentensi yangu yote, hakuacha hata mkato.
Nikatafuta pa kuyaweka macho.
"Ulisema kweli," akasema. "Shati lilikuwa la shemeji.
Kesho yake alikuwa na usaili, Mtumba.
Ngoja."

Akavua aproni. Akamwomba mama mmoja asogeze sado la nyanya.
Akafa.

Magoti yalitangulia, moja likimshangaa mwenzake.
Mkono ukapapasa kiunoni, kama anayetafuta funguo,
ukazikosa, ukaendelea kutafuta.
Mdomo ukaanza jina la mtu
na katikati ya jina ukaamua kulificha.
Vumbi likampokea shavu.
Muuza dagaa akasema, "Yesu wangu."
Mtoto akalia.
Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyejua
kama imekwisha. Na mimi,
mwenye kazi ya kujua, sikujua.

Akainuka, akajikung'uta, akapima kilo yangu.
Hakuongeza hata kimoja.
"Elfu mbili na mia tano," akasema, akihema bado.

Usiku niliandika. Maneno mia nne, hayakutaka kupungua.
Mhariri akauliza: Onyesho gani hili? Kiingilio? Lini tena?
Nikajibu: Majengo, karibu na mizani ya vitunguu. Limeshapita.
Alama mbili za tiki zikageuka buluu
zikabaki hivyo.

Nimelihifadhi kwenye simu, jina la faili ni *shati*.

Saa sita imefika. Zimwi liko palepale nilipoliacha,
kinywa wazi, theluji begani.
Lilishaua watu saba, nyumba nzima inanuka damu.
Nasogeza kioo karibu na uso,
nalitazama vizuri, kola hadi pindo.

Halina hata kunyanzi.