Namba Nyekundu

Semina ilikuwa Mtwara mjini, ukumbi wa feni tatu,
moja ikizunguka.
Mwezeshaji akaandika ubaoni WELEDI, akaupigia mistari miwili.
Tukanakili, tukala sambusa, tukasaini posho.

Jumanne iliyofuata niko Newala, mtaa wa nyuma ya soko,
nimepiga goti, nafukua mchanga kwa vidole.
Mita zetu zimejificha chini kama ming'oko.
Nalowesha kidole gumba kwa mate, nafuta kioo:
mia nne thelathini na moja.
Mwezi uliopita, mia nne kumi na mbili.
Nasoma tena.
Uniti kumi na tisa,
nyumba ya mtu mmoja na bata wawili.

Nyuma yangu kasimama Bi Somoe,
mama mzazi wa mke wangu.
Hanitazami, simtazami;
mkwe na mkwe, tunaongea kupitia bata.
"Mwambieni huyo msoma mita,
maji yanatoka Jumatano na Jumamosi,
siku nyingine bomba linapumua tu.
Anasoma maji, au anasoma upepo?
Na mwambieni, kalamu ni yake."

Kalamu ni yangu, kweli.
Mwenzangu Nampoto huzipika namba kibandani kwa mama ntilie
wala hajawahi kuungua vidole.
Tatu kuifanya mbili ni mkunjo mdogo wa wino:
uniti kumi zinayeyuka,
na jioni ninachinjiwa.

Nikaandika 431.
Mkono mzito, kama wa mtu anayeandika talaka.

Halafu pale chini, kwenye Maoni,
ambapo miaka sita sijaandika zaidi ya "sawa",
nikaandika: Hewa inatangulia maji. Mita inazungushwa na hewa.
Nimetega sikio, nimesikia. Mafundi waje.
Tarehe. Jina langu lote, mpaka la babu.
Nikaenda nyumba ya pili.

Meneja aliniuliza nani kanifundisha kujaza Maoni.
Sikuitaja semina.
Mafundi hawajaja.
Bi Somoe hajanisemesha tangu siku ile,
hata kwa bata.

Kila mwezi napiga goti palepale.
Nasoma namba nyeusi, ndizo za bili, naziandika.
Kisha, kabla sijarudishia mchanga,
nazitazama kidogo zile nyekundu za pembeni,
ambazo fomu haina kisanduku chake,
zinavyotetemeka.