Vichupa Vitatu, Iyunga

Julai. Loleza haijaonekana tangu asubuhi.
Nimerudi toka Mwanjelwa na barafu ya mama muuza juisi,
vifuko kumi na viwili, mia mia.
Baridi hii, akaniuliza, nani anakunywa?
Nikamwambia: asidi.

Mezani vichupa vitatu, vyote vyeusi.
Mpita njia atasema masizi ni masizi.
Lakini hiki ni magamba,
yanang'aa kama usipa ulioanikwa Matema,
yaguse, yanakuachia fedha kidoleni.
Hiki ni unga; ukipiga chafya
kazi ya wiki imekwenda na upepo.
Na hiki kilionja tanuru, kikavimba,
gramu moja imejaza chupa na bado inadai nafasi.

Mwezi wa tatu Tusekile aliviandika jina moja, grafiti,
akavitia dawa moja, saa zile zile.
Unga ulikubali upesi,
ila karatasi zake zilitoka vipande vipande,
barua iliyochanwa na mwenye hasira.
Magamba yalilala siku mbili yakaamka na moyo mweusi,
maana asidi huingilia ukingoni, ghorofa kwa ghorofa,
na gamba pana lina safari ndefu
toka mlangoni hadi chumba cha ndani.
Kile kilichovimba?
Milango ilikuwa wazi.

Alilia kidogo, akisingizia mvuke.

Leo tunarudia. Pamanganeti kwa ncha ya kijiko,
kama unayetia chumvi kwenye mboga ya mkwe.
Kijani. Kijani kizito.
Saa tatu umeme ukakatika, mashine ikanyamaza,
tukakoroga kwa mkono, kwa zamu,
jicho kwenye kipimajoto: isivuke ishirini,
isivuke, ongeza barafu.

Jioni maji, kahawia. Kisha peroksaidi tone kwa tone
na chupa nzima ikageuka ua la boga.
Tusekile akacheka peke yake.

Ipi bora, kaka Ambakisye?
Unataka kuchuja maji au kutengeneza wino?
Hajui bado. Anaandika majina matatu, kwa penseli,
na penseli inacha gamba lake dogo kwenye kila herufi.

Tunaosha. Mara ya tano oksidi inagoma kutuama,
imekuwa uji wa ulezi.
Nachovya karatasi ya litmasi:
nyekundu.
Lete maji mengine.