Goti Halina Spea

Hapana, Jecha, ubao uache kwanza.
Ulaze pale mchangani, na tiara uifukie pembe isije ikaondoka.
Kisha njoo usimame mbele yangu
hivyo hivyo, miguu mitupu, upepo kisogoni.

Chuchumaa.
Sivyo. Hivyo anachuchumaa mgeni anayeogopa kuchafua suruali.
Chuchumaa kama mama anavyofunga mwani:
magoti yanatazama vidole,
nyonga imerudi nyuma, mgongo umenyooka,
na mdomo unaendelea kumsema jirani.
Miaka ishirini na sita yumo majini,
maji yanamvuta, kamba zinamvuta, watoto tunamvuta,
na magoti yake hayajalala hospitali hata usiku mmoja.
Mimi mwanawe, mwalimu wa tiara,
nina kovu refu kama kalamu.

Waulize watu wa Paje, watakwambia
niliruka nikaipita minazi, kusi ikanitungua.
Waache. Hadithi ile inaniletea wanafunzi.
Wewe nikwambie kweli:
maji yalikuwa hapa, chini ya pindo la kaptura.
Saa kumi alasiri, nimeshasomesha watatu,
nikasema, mara moja tu, ya mwisho.
Iogope hiyo ya mwisho, Jecha.
Mwili umeshafunga duka, wewe bado unagonga mlango.

Ubao ukanasa kwenye kigingi cha mwani
(na kigingi, usicheke, kilikuwa cha mama).
Kanda nilikuwa nimeikaza mpaka unyayo umekuwa mweupe.
Tiara ikavuta kushoto, mguu ukabaki kulia,
na ufukweni walikuwepo watu na simu zao.
Nikakataa kuanguka.
Ni hilo tu.
Nikanyoosha goti, nikashindana,
nikasikia ndani, ka!
kama mtu anavunja muhogo mbichi.

Daktari wa Mnazi Mmoja alinichorea kamba mbili zilizopishana,
moja akaikata kwa wino.
Goti ni bawaba, Pandu, akasema.
Linakwenda mbele, linarudi nyuma.
Nani alikwambia ulizungushe?

Basi sikiliza. Kanda iwe huru, mguu uchomoke
kama unavua ndara mlangoni kwenu.
Goti lisinyooke mpaka mwisho, libakize siri kidogo.
Na ukiona unaanguka, anguka.
Achia mpini, kunja miguu yote miwili,
uipe bahari makalio, nyama ile imewekwa kwa kazi hiyo.
Usianze kunyanyuka kabla hujafika chini.
Wakicheka, wamecheka.
Kicheko hakishonwi nyuzi.

Ijumaa utaniona msikitini,
mwisho wa safu, kwenye kiti cha plastiki,
kati ya mzee Ussi na mzee Mcha,
mimi wa miaka thelathini na moja.
Wenzangu wakenda sijida naona nyayo zao safu nzima,
magoti yamekunjika bila hata kuulizwa,
na paji langu la uso limebaki hewani
likiutafuta mkeka.

Haya. Chuchumaa tena. Thelathini.
Mama anatutazama kule kwenye kamba zake, keshaanza kucheka.
Hesabu kwa sauti, asikie.