Ligo, Ghorofa ya Tano

Nyonga yangu ya kushoto ni ya chuma.
Daktari alisema: utatembea, utapanda ngazi,
hata kucheza utacheza, ila polepole.
Kuruka, hapana.
Sikumwambia kwamba miaka hamsini na mitatu
nimeuruka moto usiku wa Ligo,
usiku mfupi kuliko wote,
wala kwamba kwetu asiyeruka
huubeba mwaka wa jana mgongoni
kama gunia la viazi vilivyochipua.

Shamba la Kuldiga tuliliuza.
Kilima cha moto kimepata mwenyewe mpya,
mwenye mbwa wawili na lango la umeme.
Mimi nimepata roshani mjini Liepaja:
ndoo, baiskeli ya Edgars isiyo na gurudumu la mbele,
na tangazo la kamati ya jengo:
MOTO WA AINA YOYOTE NI MARUFUKU.

Mwaka wa kwanza nilizima taa nikalala,
nikalala kama mtu aliyekosa mazishi ya nduguye.

Mwaka wa pili nikaanza kupunguza,
kama fundi apunguzavyo koti la marehemu
limwenee mjane.

Majani ya mwaloni niliyachuma bustani ya hospitali,
tisa tu, mlinzi akiwa ameinamia simu.
Taji halikutosha kichwa, nikalivika birika.
Jibini ya kisibiti mama aliikanda
kwa maziwa ya ng'ombe watatu;
mimi huinunua, nikaichana plastiki,
nikaikanda tena kidogo
ili vidole visisahau.
Bia, kikombe kimoja, kwa sababu ya presha.
Na ua la kangaga, lile ambalo wapenzi
hulitafuta msituni hadi alfajiri, na halipo:
kangaga yangu imo kwenye chungu, bafuni.
Niliichungulia, hata hivyo.

Skaidrite wa ghorofa ya tatu alipanda na kikombe chake,
akautazama mshumaa ndani ya sufuria.
"Huo ndio moto?"
Ndio huo.
"Na kuruka je?"
Nikaushika mkongojo kwa mikono miwili
nikauvusha juu ya ule ulimi wa mwanga, taratibu,
kutoka upande wa mlango hadi upande wa dirisha.
Huu ndio mguu wangu wa tatu, nikasema,
ukivuka yeye, tumevuka sote.
Akacheka mpaka bia ikampalia.
"Velta, hiyo si mila. Hayo ni maigizo."

Basi nikamkumbusha miaka ile
sikukuu ilipofutwa kwenye kalenda,
na mama kila Juni, tarehe ileile,
akamweleza mkaguzi wa shamba la ushirika
kwamba anachoma takataka.
Takataka zenyewe matawi mabichi ya mwaloni!
Na sisi watoto tukazirukaruka takataka
huku tukiimba kwa midomo iliyofumbwa.
Hiyo nayo ilikuwa maigizo?

Skaidrite alinyamaza. Akaomba jibini.
Saa sita akashuka kulala.
Nami, kwa sauti isiyopita ukuta,
nikatunga wangu, maana wa zamani
hauna lifti wala nyonga:

    Jua, sikuombi mengi,
    moto wangu ni mdogo;
    ngazi zangu nazo nyingi,
    nipunguzie mzigo.

Umande haupandi ghorofa ya tano kwa kuitwa.
Saa kumi na nusu nikashuka mimi,
hadi kwenye nyasi za kando ya reli,
nikainama kadiri chuma kilivyoniruhusu,
nikanawa uso.
Tramu ya kwanza ikapunguza mwendo, mlango ukafunguka.
"Bibi," dereva akaita, "umeangusha kitu?"
Ndiyo, nikasema. Mwaka.
Akanitazama kidogo, akafunga mlango.

Lifti ilikuwa mbovu tena.
Nilipanda, nikihesabu.