Pambizoni mwa Fomu

Saa moja na nusu, benchi limeshajaa:
mtoto wa homa, mguu uliokatwa na jembe, mimba ya miezi saba.
Tabibu mmoja ni mimi, muuguzi mmoja ni Sijaona,
na boksi la fomu lililoshushwa na gari jeupe:
utafiti wa kikohozi na vumbi la salfa, Newala.

"Ufanye katikati ya kazi zako," walisema,
kana kwamba kazi zangu zina katikati.

Namsomea Somoe karatasi ya ridhaa:
una hiari; ukikataa, dawa utapewa vilevile.
Ananitazama. "Kwani zipo?"
Nageuza ukurasa.

Swali la nne: wiki iliyopita ulikohoa usiku mara ngapi?
"Mwanangu, anayekohoa hahesabu.
Kamuulize Mtopwa, ndiye asiyelala."
Kuna kisanduku cha Hajui.
Hakuna cha Anajua mwenzake.
Naandika pambizoni, kwa herufi ndogo.

Anapuliza kipima pumzi: mia moja na themanini.
Anapuliza tena, kwa hasira: mia na tisini.
Dole gumba, wino wa buluu. Namba arobaini na moja.
Jina nalifungia kabatini, ndivyo kanuni inavyotaka;
nje bado namwita Somoe,
naye bado ananidai ndoo mbili za maji.

Hudhurio la tatu hakuja.
Jioni nikapanda baiskeli, nikamkuta shambani,
kanga puani, pampu mgongoni mwa Mtopwa,
wingu la manjano likiwashukia wote wawili.
"Tabibu, mikorosho imetoa maua.
Ua halina tarehe ya kurudi."

Fomu inataka sababu ya kutofika:
amehama, amefariki, amejitoa.
Nikaandika: yupo. Anapulizia. Kanga si barakoa.

Wiki jana simu ikapigwa kutoka mjini,
kijana wa takwimu, mpole, nyuma yake kiyoyozi kinanguruma:
"Daktari, pambizo haliingii kwenye kompyuta."
Nikamwambia mimi si daktari,
na mlangoni pana mtoto anayepumua kwa mbavu.
Nikakata.

Leo Somoe kaja bila kuitwa,
nyuma yake wanawake watatu wa shamba lile,
kila mmoja na kikohozi chake.
"Hawa nao waandike.
Lakini kwanza niambie: yale mliyoyachukua kwangu,
yamesemaje?"

Benchi limenyamaza. Hata Sijaona kashusha sindano.
Naitoa fomu ya arobaini na moja,
naanza kumsomea,
kuanzia pambizoni.