Kina

Saa tano za usiku, Kibokoni, feni inakoroma.
Nimeuambia mfumo: niletee Mwanashee.
Jina, mwaka wa kuzaliwa, aina ya damu, basi.
Zahanati yataka kadi, haitaki ukoo.

Ukamleta Mwanashee
na ndani yake mamake, Bi Rukiya wa Majengo,
na ndani ya Bi Rukiya wanawe saba,
na kati ya hao saba, Mwanashee,
na ndani ya Mwanashee mamake,
Bi Rukiya,
kioo kikajaa mabano
yafungukayo bila kufungwa
hadi seva ikakata pumzi.

Nilikumbuka sufuria za shangazi,
seti ya mwali, kutoka Marikiti,
kila moja tumboni mwa mwenzake.
Lakini zile zina kikomo. Ile ndogo kabisa
imebeba karatasi ya bei tu,
haijathubutu kuibeba ile kubwa.

Nikaandika: kina, moja.
Mama asije mzima, ije nambari yake;
amtakaye na amfuate kwake.
Majibu yakarudi mepesi:
Mwanashee. Damu O. Mama: 4127.

4127!
Mwanamke aliyekaanga viazi karai miaka ishirini,
anayejua nani ana deni na nani ana mimba,
tarakimu nne, na hazijakosea.

Juzi Mwanashee huyuhuyu alikwenda kuomba kitambulisho.
Karani akasema: leta cha baba. Akaleta.
Leta cha babu. Akaleta nakala, imefifia.
Na babake babu, yuwapi?
Mzee yule alikufa kabla ya karatasi,
akaacha koti na deni la dukani.
Pale hakuna aliyeandika kina.

Basi nimerudi msimboni,
nimeongeza kando ya nambari jina la mama,
jina tu, lisilofungua mlango mwingine.
Mwalimu wetu wa ushairi alisema kina
ni pale mstari unapojua pa kuishia;
na nyumbani tukisema kina Mwanashee
hatumaanishi mmoja.
Kompyuta haijui nimeandika kina kipi.

Baba: tupu.
Tupu ya aliyefariki, au ya asiyeulizwa,
mfumo hautofautishi.
Nikahifadhi hivyo hivyo,
nikaenda kufunga dirisha, mvua imeanza.